Jezi Zisizofuliwa za Kamenar

14 Februari

Daktari kaniambia niandike presha yangu kila asubuhi, kwa hiyo nimechukua daftari hili la karani, lililobaki tangu machimbo ya mawe yafungwe. Leo ni 165 kwa 95. Daktari aliuliza ni nini kinachonisumbua. Nikamwambia ni Kamenar. Alicheka, akaandika vidonge.

Ikiwa kuna mtu atakayelisoma daftari hili siku nikishakufa, ajue mimi ni Dobrinka, mfuaji wa jezi wa klabu ya Kamenar ya hapa Zheravitsa, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Shule niliishia darasa la nane na ilinitosha. Nahodha wa Kamenar, beki wa kati, jezi namba tano, ni mwanangu Yasen. Nilimzaa kilo nne na nusu, mkunga akasema huyu amekuja na mabega ya mchonga mawe. Daraja la pili lote halina beki kama yeye, na daraja la kwanza nina shaka kama wapo wawili. Sisemi hivi kwa kuwa mimi ni mama yake. Waulizeni washambuliaji.

Zimebaki mechi kumi na mbili. Sisi ni wa kumi na nne kati ya timu kumi na sita, na tatu za mwisho zinashuka. Manispaa imeshatangaza kwamba Kamenar ikishuka, haitoi tena chochote na klabu inafungwa. Na siku ya Mwaka Mpya, mezani kwangu, Yasen na mkewe Silvina walikubaliana hivi: klabu ikifungwa, Julai wanahamia Kassel kule Ujerumani, kwa dada yake Silvina, wakafanye kazi ya ghala wote wawili. Ikibaki, wanakaa, na mjukuu wangu Bilyana anaanza darasa la kwanza hapa hapa, shule aliyosoma baba yake.

Hiyo ndiyo presha yangu.

Kassel ni wazo la Silvina. Sihitaji kuambiwa, dada ni wake.

22 Februari

Tumefungwa mbili bila. Theluji. 170.

23 Februari

Nimepumzika. Hapana, nimefua.

1 Machi

Leo tunafungiana nyuzi nyekundu na nyeupe za kukaribisha majira mapya. Mimi nimeshona uzi mmoja mmoja ndani ya mkono wa kila jezi, ishirini na mbili, macho yamenitoka. Hakuna klabu nyingine yenye mfuaji anayefanya hivi. Mechi ilikuwa sare, moja moja.

8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Klabu imenipa ua na kikapu cha soksi za matope. Tumefungwa ugenini.

13 Machi

Mvua siku ya tano. Uwanja umekuwa shamba la mpunga. Mashine inazungusha mara tatu na maji bado yanatoka kama kahawa.

Nimepita duka la kubeti la Tsanko kuangalia odi za Jumamosi. Tunacheza nyumbani na vinara wa ligi. Kwenye kioo wameandika Kamenar 8.50, maana yake ukiweka pesa, leva moja, tukashinda unalipwa nane na nusu, yaani kwao ushindi wetu ni kama ng'ombe kuota mbawa. Wale jamaa wa benchi la mbele ya duka, washabiki wetu wakubwa, wenye skafu na mbegu za alizeti, walikuwa wanacheka. Mmoja akasema hata hiyo nane ni heshima.

Niliingia ndani. Nikamuuliza Tsanko ni nani huyu aliyeandika nane na nusu.

"Mama Yasen, namba zinatoka kwenye kompyuta. Huko mbali."

"Huyo mwenye kompyuta amewahi kumwona Yasen akicheza?"

"Hajawahi kuiona hata Zheravitsa."

"Basi mwandikie kwamba mimi nimemwona."

Tsanko ni mjane, mtu wa kuinamisha kichwa. Anakaa nyuma ya kile kioo chake siku nzima kama samaki wa dukani. Simpendi. Mtu wa hapa, kazaliwa hapa, na anabandika tusi kama lile dirishani kila wiki bila kuona haya.

15 Machi

Moja bila. Moja bila, vinara wa ligi. Dakika ya sabini na mbili, kona, na ni nani aliyeruka juu ya wote watatu kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani? Namba tano. Mpira ulipotoka kichwani kwake ulirusha matope hadi jukwaani na mimi nikapata langu shavuni. Sikulifuta mpaka nyumbani.

Nilikuwa chumba cha kufulia, nimeshika sabuni ya unga, ndipo akaingia mwenyekiti Gerchev, yule muuza vigae. Akasema, "Mama Yasen, weka chini hiyo sabuni."

Nilijua anachotaka kabla hajamaliza. Hapa kwetu ni desturi tangu enzi za machimbo: timu ikimpiga mkubwa, hafui mtu kitu hadi itakapofungwa. Jezi, kaptura, soksi, vyote. Mwaka ule timu ya machimbo ilipopanda daraja la kwanza walicheza mechi saba bila kufuliwa, na wazee wanaukumbuka mnuko ule kama wanavyokumbuka harusi zao. Gerchev akachukua na zile jezi za bluu za ugenini, akazifungia ofisini kwake, ili hata ugenini zivaliwe hizi hizi.

Mimi nilikubali, niandike ukweli. Nilifurahi hata. Nikazitundika na matope yake, nikazima taa, nikaenda kuoka banitsa, mkate wetu wa jibini. Miaka kumi na tisa sijawahi kuwa na Jumamosi ya namna hiyo.

22 Machi

Tumeshinda ugenini, mbili kwa moja. Odi ilikuwa 6.00. Wanajifunza polepole.

29 Machi

Bila kwa bila. Yasen amechunika mguu wa kulia chini ya goti. Kasema ni kidogo.

3 Aprili

Miplamu imechanua mtaa wote. Sasa ni wakati wa kuvua zile nyuzi nyekundu na nyeupe na kuzifunga kwenye mti, ndivyo inavyotakiwa, ukichelewa unajiletea nuksi. Nimemuuliza Gerchev nizikate zile za ndani ya jezi. Akakataa, jezi zisiguswe. Kwa hiyo tuna desturi moja inayosema zitoke na nyingine inayosema zisitoke, na mimi nimesimama katikati na mkasi.

5 Aprili

Mbili bila, nyumbani. Jezi sasa zinasimama zenyewe. Kipa anaivua yake anaiegemeza ukutani.

Odi ilikuwa 3.10. Nimepita dukani kwa Tsanko makusudi, nikasimama mbele ya kioo hadi akaniona.

12 Aprili

Moja bila. Mechi tano hatujafungwa. Nimechoka lakini ni uchovu mtamu. Tatizo ni kwamba na wale wa nyuma yetu wanashinda, kama waliokubaliana. Tumepanda nafasi moja tu, tuko wa kumi na tatu, juu ya mstari kwa upana wa kidole.

13 Aprili

Nimekwenda kwa Yasen kupeleka supu. Nimemkuta Silvina na Bilyana mezani na kitabu cha Kijerumani chenye picha. Mtoto akaniambia tufaha linaitwaje. Nikamwambia Silvina, mbele ya mtoto, kwamba timu imeshinda mechi nne na watu wengine bado wanajifunza majina ya matunda. Silvina alifunga kitabu. Ndivyo alivyo, kimya tu, miaka tisa sijui ndani ya kichwa chake kuna nini.

20 Aprili

Pasaka. Mayai mekundu arobaini. Yasen amegonganisha yai lake na la Bilyana akashindwa kwa makusudi. Alipoinuka nikaona anaegemea meza. Nikamwambia nionyeshe mguu. "Mama, leo ni Pasaka," akasema, kana kwamba miguu hufungwa siku za sikukuu.

26 Aprili

Sare, moja moja. Uwanja ulijaa hadi watu walipanda juu ya ukuta wa makaburi. Wote sasa ni Kamenar tangu tumboni. Yule aliyesema nane ni heshima alinikumbatia.

28 Aprili

Silvina amekuja chumba cha kufulia. Hajawahi kuja. Kasimama mlangoni, kaziba pua kwa kitambaa, akasema, "Mama, njoo uone."

Nimeuona mguu wa Yasen. Chini ya goti kidonda kimekuwa cha rangi ya zabibu, ngozi inang'aa, na mstari mwekundu unapanda. Usiku kucha alikuwa na homa na alimkataza mkewe asiniambie. Daktari alipofika aliuliza mchezaji huyu anavaa soksi za aina gani. Mimi na Silvina tukatazamana. Nikasema ni soksi za kawaida. Mimi, mfuaji.

Kaandika antibiotiki na kasema kidonda kisiguswe na kitu kichafu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vigae. Nikamwambia Gerchev soksi tu, za mtu mmoja tu. Akanikalisha, akaniletea kahawa, akasema ananiheshimu kama dada yake lakini zimebaki mechi tatu. Avae bandeji. Nikawaendea wachezaji, wakaniangalia kama nimewaomba figo. Kipa akasema, "Mama Yasen, utatuua."

Sawa. Lakini na Yasen mwenyewe, kitandani, na homa yake: "Mama, usiziguse." Kwa sauti ya mtu anayemwambia mtumishi.

Nimekaa jikoni hadi supu ikakauka. 180 kwa 100.

3 Mei

Tumeshinda, mbili kwa moja. Kacheza na bandeji. Baada ya mechi alikaa kwenye gari dakika ishirini kabla ya kushuka. Nilimwona kutoka dirishani na sikutoka.

6 Mei

Sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Mji mzima unanukia mwanakondoo. Wote wako kwenye nyama, Gerchev amewaalika wachezaji kwake. Mimi nilisema kichwa kinaniuma, nikaenda klabuni na ufunguo wangu.

Nimefua soksi za namba tano kwa mkono, kwenye beseni, kwa sabuni ya kipande. Maji ya kwanza yalikuwa meusi, ya pili yalikuwa na damu, ya tano ndiyo yakawa maji. Nikazianika nyuma ya bomba la moto. Zilipokauka zilikuwa nyeupe mno kando ya zile nyingine, ikabidi nitoke nje nikachote vumbi la mawe pale kwenye lango la zamani la machimbo, nikazisugua kwa nje tu, ndani nikaziacha safi. Mwanamke wa miaka sitini na moja, siku ya sikukuu, nachafua soksi nilizozifua.

9 Mei

Nimepita kwa Tsanko. Kamenar 1.75.

Nilisimama pale nikaisoma mara tatu. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kubandika namba zao, sisi ndio tunaotarajiwa kushinda. Ndicho nilichokitaka tangu Machi. Ilipokuwa nane na nusu nilikuwa simba, nikiwagombeza wote. Sasa wameniamini, na mimi nikatamani kuwaambia ngojeni kwanza.

10 Mei

Sifuri kwa tatu. Nyumbani.

Nilizifua mimi.

11 Mei

Sikuamka. Sikupima.

12 Mei

Daktari amemkataza Yasen kucheza mechi ya mwisho, mstari mwekundu umefika juu ya goti. Jumamosi tunahitaji sare, pungufu ya hapo tumeshuka. Gerchev kasema kufungwa mara moja ni ajali, jezi zisiguswe bado.

Nilipita mbele ya duka. Jamaa wa benchi walikuwa wanamchana mwanangu: mzito, mzee, angestaafu mwaka jana. Yule aliyenikumbatia ndiye aliyeongoza. Niliingia ndani ili nisilie mbele yao, na kwa kuwa Tsanko ndiye aliyekuwa mbele yangu, nikamwagia yeye yote, namba zake na kioo chake.

Alingoja nikamaliza. Kisha akafunga mlango, akaniletea kiti.

"Mama Yasen, mimi sitakiwi kusema haya," akasema. "Ile kompyuta haimdharau mtu. Haimjui mtu. Inafuata watu wanaweka wapi. Mimi ndiye ninayepokea mikeka hapa. Unajua Machi ile, mechi ya vinara, ni wangapi katika mji huu waliweka Kamenar?"

Sikujua.

"Wawili. Wale wa benchi pale, wenye skafu, wote waliweka tufungwe. Wiki hadi wiki. Waliimba, halafu wakaja kwangu wakaweka tufungwe."

Nikamuuliza hao wawili ni nani.

"Mmoja ni mimi," akasema, na akatazama chini. "Kila wiki, mwaka wa sita. Mwingine ni mkamwana wako. Namwambia kila mara, wewe ni mke wa mchezaji, hairuhusiwi, nitafukuzwa. Anaacha leva mbili hapa kwenye kona ya meza, anaondoka."

Nilimwambia anadanganya. Akasema sawa. Nikamwomba maji.

13 Mei

Nilikwenda asubuhi. Silvina alikuwa anatandika kitanda cha Bilyana. Nikamuuliza kwa nini mtu anayetaka kwenda Kassel anaweka pesa yake Kamenar ibaki.

Alinyoosha shuka hadi mwisho ndipo akajibu. "Muulize mwanao, Mama."

Yasen alikuwa amelala sebuleni, mguu juu ya mito. Kabla sijafungua mdomo akasema yeye, "Zile soksi ulizifua."

Nikasema ndiyo.

"Nilisikia harufu ya sabuni nilipozivaa. Nikatamani kulala pale pale kwenye benchi."

"Basi mimi ndiye niliyewafungisha."

"Tulifungwa kwa sababu nilikuwa na mguu mmoja na yule mshambuliaji wao ana miwili. Mama, soksi hazichezi."

Kisha akawa anachezea ukingo wa blanketi kama alipokuwa mdogo na amevunja kitu. Akasema aliyempigia shemeji yake simu kule Kassel ni yeye. Kabla ya Krismasi. Silvina hakutaka, Silvina ana mama yake mgonjwa hapa, alilia siku mbili. Yeye ndiye aliyeomba. Na ahadi ile ya mezani, klabu ikibaki tunakaa, ni Silvina aliyeishika kwa meno ili apate mwaka mmoja zaidi.

Nikamuuliza kwa nini basi kaniacha nimnunie mkewe tangu Januari.

"Mimi nilitaka kukuambia. Silvina akasema, mwache anichukie mimi, mimi nimeshazoea."

Kutoka chumbani shuka zilikuwa zinakung'utwa. Nilijua anasikia.

"Mama," Yasen akasema, "nina miaka thelathini na tatu. Asubuhi nashuka ngazi nikiwa nimekaa, ngazi moja moja, ili Bilyana asinisikie nikiguna. Wewe unasema wanatudharau. Hawatudharau. Wametupima sawasawa. Tukishinda wewe unaona haki imetendeka, mimi naona tumeponea. Kila Jumamosi natoka pale nikiwaza, nimeponea, na mama yangu yuko jukwaani anawaambia watu mimi ni mlima."

Nilimwambia asogeze mguu nikarekebisha mto.

Nilipotoka nilipita jikoni. Silvina alikuwa anamenya viazi. Nikachukua kisu kingine nikakaa. Tulimenya vyote, hata vya kesho.

15 Mei

Leo nimefua kila kitu.

Sikujificha. Nimefungua mlango na madirisha, nimewasha mashine saa mbili asubuhi. Zile nyuzi za Machi nimezikata zote nikazifunga kwenye mplamu wa nje, ambao umeshaanza kutoa matunda, sijui kama bado inahesabika. Maji yametoka meusi hadi saa sita.

Gerchev aliletewa habari na upepo. Alikuja na shati la ndani, vigae vya watu kaviacha kaunta. Akasimama mbele ya mashine inayozunguka na mikono kichwani. Akasema nimeua klabu, nimeua miaka sabini, siku mbili kabla ya mechi.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, kama bahati yako inaishi kwenye jasho la wiki tisa, bado kuna soksi moja sijaitia. Ivae wewe."

Akaiangalia ile soksi. Akakaa juu ya ndoo. Ndipo akauliza kwa sauti ya chini mguu wa Yasen unaendeleaje. Nikamwambia. Akasema hakujua kama ni vile. Alijua. Lakini alikuwa mzee ghafla pale juu ya ndoo, nikampa kahawa.

17 Mei

Nimeketi na mwanangu jukwaani. Miaka kumi na tisa ya klabu na sijawahi kukaa naye kutazama mechi, kwa kuwa siku zote mimi nipo huku na yeye yupo kule. Aliweka mguu juu ya kiti cha mbele, Silvina upande mmoja, mimi upande mwingine, Bilyana mapajani kwa mama yake anatema maganda ya alizeti kama mzee.

Odi sikuiangalia.

Niandike jambo moja ninaloona aibu. Nilikwenda nikiwa na hakika tumeshuka. Si kwa sababu ya kufua. Kwa sababu Yasen hayupo. Nafasi yake alipewa Stanimir, jezi namba kumi na nne. Ile jezi naifahamu kuliko ninavyomfahamu mwenyewe: miaka minne hunifikia safi, imekunjwa vile vile nilivyoikunja, na mimi huiweka kando bila hata kuinusa. Sijawahi kujiuliza mtu anajisikiaje akirudisha jezi safi miaka minne.

Walitufunga dakika ya kumi. Jukwaa likaanza kumtukana Stanimir. Yasen akaniinamia sikioni.

"Usiutazame mpira. Mtazame Stanimir. Ona anavyomsogeza yule namba tisa pembeni bila kumgusa. Mimi siwezi hivyo. Mimi nilikuwa nagonga."

Nilitazama. Mwanzoni sikuona kitu, kisha nikaona. Nikaona na wengine. Yule winga mwembamba ambaye siku zote nilisema anacheza kwa kivuli cha Yasen, alikuwa anarudi nyuma hadi kwenye boksi letu, kila mara, kila mara, na hakuna anayempigia makofi. Kipa anaongea dakika zote tisini, sauti imemkauka. Miaka yote nilidhani Kamenar ni mwanangu na watu kumi wa kumsindikiza. Niligombana na mji mzima kwamba wanaidharau timu hii, na hakuna aliyeidharau kama mimi.

Dakika ya sitini na nane winga akasawazisha, na mpira ulipita katikati ya miguu ya watu wanne, goli baya, sijawahi kuona zuri zaidi. Baada ya hapo walituzingira. Dakika ya tisini na tatu namba tisa alibaki na goli tupu, na Stanimir akajirusha, akauzuia kwa uso. Alipoinuka damu ilikuwa inatiririka juu ya jezi yangu safi. Nilisimama nikapiga kelele hadi Silvina akanishika mkono ili nisianguke.

Moja moja. Tumebaki.

Watu waliruka ukuta. Gerchev alipiga magoti kwenye nyasi. Tsanko nilimwona mbali, peke yake, kavua kofia. Yasen alipiga makofi kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, akimwita Stanimir kwa jina, na furaha yake ilikuwa ya kweli, mimi ni mama yake ninaijua. Kisha akaishusha mikono, akanigeukia, akatabasamu ili nione. Ile sura nilishaiona kwa baba yake, jioni za Jumapili, kabla ya zamu ya machimbo aliyokuwa haitaki.

18 Mei

Niliwaita chakula cha mchana. Nilipika pilipili hoho za kujaza, anazozipenda Yasen tangu mdogo, na zote zilibaki.

Yasen alianza kusema kuhusu mwaka ujao, kwamba mguu utapona hadi Agosti, kwamba Bilyana anunuliwe begi la shule. Alikuwa anasema kama mtu anayesoma tangazo. Silvina aliangalia sahani.

Nikamwambia, "Nenda, mwanangu."

Akasema klabu imebaki, tulikubaliana.

"Klabu ina Stanimir. Nimemwona mwenyewe. Nenda ukashuke ngazi kwa miguu."

Kisha nikamgeukia Silvina, maana na yeye alikuwa anapoteza, si mimi peke yangu. Nikamwambia kwamba nitakuwa naenda kwa mama yake Jumatatu na Alhamisi, nitamfulia na kumpikia, na kila kitu kitaandikwa aone. Akasema, "Mama, utachoka." Nikasema nimeshachoka, haitaongeza kitu. Ndipo akalia, na Bilyana akalia kwa kuwa mama yake analia, na Yasen akatoka nje akasimama kwenye mplamu na mgongo wake kwetu.

Mabega yale. Kilo nne na nusu.

30 Juni

Wameondoka na basi la saa nne. Joto.

6 Julai

Jumapili. Nyumba yao nimefungua madirisha, nimefunga.

Alhamisi nilikuwa kwa mama yake Silvina, anaelewa kila kitu ila tangu apooze anaongea upande mmoja wa mdomo. Tumeelewana vizuri kuliko zamani alipokuwa mzima.

Yasen amepiga simu. Ghala lao lina timu, wanacheza Jumapili asubuhi na maghala mengine, na walipoona anavyochechemea wakamweka golini. Mwanangu, kipa, kwa mara ya kwanza maishani. Leo wamefungwa sita kwa moja na amecheka hadi akakohoa, nyuma yake Bilyana anapiga kelele kwa Kijerumani. Miezi mingapi sijamsikia akicheka hivyo.

Nimetoka hadi benchi la mbele ya duka, nikawaambia wote, na Tsanko nikamgongea kioo ili na yeye asikie: katika yale magoli sita, hakuna hata moja lililokuwa kosa lake.